Sketi Ishirini na Nne

Kitambaa kilikuwa kimekwisha kukatwa nilipoingia karakana asubuhi ile ya Desemba. Vipande vya bluu vilipangwa mezani katika mafungu matatu, kila fungu tabaka nane, kwa unadhifu ambao ungemfurahisha fundi yeyote. Mabaki yalikuwa yamekusanywa kwenye kiroba na sakafu imefagiliwa. Binti aliyekuwa na zamu ya ukataji, mwenye umri wa miaka 17, alisimama pembeni ya meza, tepu ikimning'inia shingoni, akisubiri neno langu. Nilichukua kipande cha juu, nikapima kutoka kiunoni hadi chini, kisha nikapima tena. Alikuwa amekata urefu ule ule ulioandikwa kwenye daftari la vipimo, bila kuacha pindo wala sehemu ya kushikizia mkanda. Kila sketi ilipungua inchi tatu, na sketi zilikuwa 24. Kamati ya wazazi wa shule moja ya msingi ilikuwa imeshatulipa nusu ya fedha, na shule zingefunguliwa baada ya wiki mbili.

Nimefundisha ushonaji kwa miaka 22 katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi mkoani Singida, na wengi wa wanafunzi wangu wamekuwa vijana wa miaka 15 hadi 20. Katika miaka yangu ya mwanzo ningejua mara moja la kufanya: ningewatuma nyumbani, nikanunua kitambaa kwa fedha yangu, na kukesha kwenye cherehani mpaka kosa lifutike. Nimewahi kufanya hivyo. Yalikuwa mashati ya kwaya ambayo kola zake ziligeuzwa, nami nilizifumua zote usiku kucha kwa taa ya chemli. Wanafunzi walikuja asubuhi wakakuta mashati yamekunjwa, wakashangilia, nami nikaona fahari kwamba nimewaokoa. Mwezi uliofuata kola ziligeuzwa tena. Nilipouliza kwa nini hawakuangalia kabla ya kushona, mmoja wao alinijibu bila ubaya wowote moyoni, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na wote: "Mwalimu, si utarekebisha." Jibu hilo nililibeba muda mrefu. Niligundua kwamba usiku ule nilikuwa nimewanyang'anya kitu ambacho sikuwa na haki ya kukichukua.

Kwa hiyo asubuhi ile ya sketi niliwaita wote kumi, tukaizunguka meza. Niliwaeleza kilichotokea, nikamwambia kila mmoja apime kwa mkono wake. Kisha nikasema kwamba oda ni ya kikundi, fedha zilizolipwa zimo kwenye sanduku la kikundi, na mwenye oda anakuja tarehe 3 Januari. Nikawauliza wao wanasemaje. Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu kiasi cha kunifanya nitake kuuvunja mwenyewe, lakini nilijizuia.

Nitarudi kwenye meza ile. Kwanza nieleze kwa nini niliweza kunyamaza.

Nilisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Elimu ya kujitegemea ilikuwa kwenye ratiba, na kwetu ilimaanisha jembe. Tulilima alizeti na mtama katika shamba la shule lililokuwa nyuma ya nyumba za walimu. Aliyechelewa namba alilima zaidi, na aliyekamatwa akizungumza lugha ya nyumbani alipimiwa hatua kumi za ziada. Wakati wa mavuno magunia yalipakiwa kwenye lori, lori likaondoka, na kesho yake tukarudi darasani. Hakuna hata mara moja ambapo mtu alisimama mbele yetu akatuambia kwamba magunia yalikuwa mangapi, yameuzwa kwa bei gani, na fedha zimenunua nini. Huenda zilinunua chaki na madaftari, na huenda hakuna aliyekula hata senti. Sisi hatukujua, na kutokujua kule kulitufundisha somo moja zito: kwamba kazi ya mikono ni adhabu, na hesabu ni mambo ya wakubwa. Tulitoka pale tukiwa na sugu viganjani na chuki ya shamba mioyoni, na wengi wa niliosoma nao waliikimbia ardhi mara tu walipoweza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu, nilisoma kwa utulivu maelekezo ya Mwalimu Nyerere kuhusu elimu ya kujitegemea, yaliyotolewa Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha. Nilishtuka kuona jinsi yalivyokuwa mbali na yale niliyoyaishi. Ni kweli alitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake, na ustawi wa shule utegemee kinachozalishwa hapo. Lakini alitaka pia wanafunzi wenyewe washiriki kuamua, na alitoa mfano wa fedha walizochuma: wazitumie kukodi trekta la kutayarisha shamba, au wazipeleke kwenye jambo jingine la shambani au shuleni na ile kazi ngumu waifanye wenyewe kwa mikono? Mfano huo wa trekta niliusoma mara tatu. Watoto wa umri wangu walikusudiwa kukaa chini, kupima fedha zao dhidi ya jasho lao, na kukata shauri. Shule yetu ililichukua jembe ikaliacha shauri.

Sikuchaguliwa kuendelea na sekondari. Baba alinipeleka mjini kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, na miezi sita ya mwanzo sikugusa kanyagio. Nilifagia, nilipuliza mkaa wa pasi, nilijaza uzi kwenye bobini, nilishona vifungo, na zaidi ya yote nilifumua. Kufumua mshono wa mtu mwingine ni shule kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uzi hukuonyesha fundi alipoharakisha, alipovuta kitambaa, na alipokata tamaa. Siku niliyokabidhiwa kaptura ya kwanza niliishona kwa haraka nikaiweka pembeni. Shangazi aliishika, akaigeuza ndani nje, akaniita. "Mwanangu," alisema, "nguo ina mwenyewe." Hakuongeza neno. Jioni yule mwenyewe alikuja, mzee wa makamo aliyekuwa akisafiri kwenda kwenye msiba, na shangazi akaniambia nimkabidhi mimi. Aliivaa palepale nyuma ya pazia. Mfuko wa kulia ulikuwa umeshonwa kwa kuziba, mkono hauingii. Sijaisahau sura yake alipoutoa mkono ule na kuniangalia, si kwa hasira, bali kwa uchovu.

Karibu yote ninayoyaamini kuhusu kumwandaa kijana yamo katika neno lile la shangazi. Daftari la mazoezi halina mwenyewe. Ukikosea, mwalimu anaweka alama nyekundu na ukurasa unafungwa. Nguo ina mtu anayeisubiri, na kijana anapomwona mtu huyo akiivaa, kuna kitu kinachobadilika ndani yake ambacho sijawahi kuona kikibadilika kwa mawaidha.

Hata hivyo sitaki kulipamba baraza la shangazi kupita kiasi. Katika miaka mitatu niliyokaa naye hakunionyesha hata siku moja jinsi anavyopanga bei, anakonunua kitambaa, wala anachobakiwa nacho mwisho wa mwezi. Nilikuwa na miaka 17, naweza kushona shati la mikono mirefu bila kusimamiwa, na sikujua kama shati hilo lina faida au hasara. Alinipenda na alinifundisha kwa uaminifu, lakini mlango wa hesabu aliufunga kama ulivyofungwa shuleni.

Mlango huo nilifunguliwa chuoni, nilikoingia kama mwanafunzi mwaka 1993. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya aina hiyo vya Uswidi, ambavyo navyo vina chimbuko lake Denmark, katika mawazo ya mchungaji Grundtvig na katika chuo kilichofunguliwa Rødding mwaka 1844. Wazo lilikuwa kwamba mtu mzima wa kijijini apate mahali pa kujifunza bila kudaiwa cheti cha kuingilia. Leo vyuo hivyo ni 54 nchini, na kwa miaka mingi sasa wanaobisha hodi si watu wazima tu. Wanakuja waliomaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, waliokwama kidato cha pili, waliopata sifuri kidato cha nne, na wasichana waliotoka shuleni kwa sababu ya mimba. Wanafika wakiwa wameshaambiwa na mitihani kwamba hawawezi, na kazi ya mwanzo ni kuwapa jambo wanaloliweza lililo zito kweli, kwa maana kijana hutambua haraka sana kazi aliyobuniwa ili apitishe muda.

Marinda ya sketi ya shule ni kazi nzito kweli. Kiuno cha mtoto ni inchi 24, unataka marinda 12, kila rinda lionekane inchi mbili. Lakini kila rinda linaficha chini yake inchi nne nyingine, kwa hiyo linakula sita, na sita mara kumi na mbili ni 72, kabla hujaongeza nafasi ya kuungia. Nimewaona mabinti walioandikiwa F katika hisabati wakikaa na chaki na tepu wakitafuta nini cha kufanya mtoto anapokuwa na kiuno cha inchi 27, ambacho hakigawanyiki vizuri. Mmoja aliniambia kwamba hakuwahi kujua kuwa kugawanya ni kwa ajili ya kitu fulani. Alikuwa amekaa shuleni miaka 11.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye bei. Huwa nawaacha wapange bei ya sketi ya kwanza wenyewe. Kikundi kimoja kiliandika kitambaa Sh 6,000, zipu 500, uzi 300, kifungo 100, umeme na ovaloki 400, jumla 7,300, kikauza kwa Sh 8,000 na kufurahia faida ya 700. Niliwauliza fundi mmoja anamaliza sketi ngapi kwa siku. Walisema tatu. Basi faida ya siku ni Sh 2,100, na chakula cha mchana barabarani wakati ule kilikuwa Sh 2,000. Walitazamana. Mmoja akauliza polepole, "Kwa hiyo mimi mwenyewe sikujiandika?" Hapana, hakujiandika. Vijana wetu, na hasa wasichana, wamelelewa katika nyumba ambazo kazi ya mwanamke haihesabiwi, kwa hiyo hawajui kuweka jasho lao kwenye orodha ya gharama. Ningependa kila msichana anayekaribia utu uzima aketi japo mara moja mbele ya karatasi kama ile na kuliona pengo la jina lake.

Nami pia niliwahi kuficha hesabu, na ninalisema hili kwa masikitiko. Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha tulishona mapazia ya zahanati. Fedha nilizipokea mimi na kuziweka kwangu, nikijiambia kwamba ni kwa usalama wao. Nilinunua sindano, mafuta ya vyerehani na mkanda mpya wa cherehani moja, yote kwa haki na kwa faida ya karakana. Baada ya wiki kadhaa binti mmoja, mpole kuliko wote, alinisalimia shikamoo, nikaitikia, kisha akainamisha macho na kuuliza: "Mwalimu, zile za mapazia ziliishia wapi?" Nilisikia uso ukiwaka moto. Lile lori la alizeti lilikuwa limerudi, safari hii nikiwa mimi ninayeliendesha. Jioni hiyo nilipaka rangi nyeusi kipande cha ukuta, na tangu wakati huo kila Ijumaa saa nane mwanafunzi mwenye zamu huandika pale kwa chaki kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na mwingine huhesabu fedha za kwenye sanduku mbele ya wote. Funguo mbili za sanduku hukaa kwa wanafunzi wawili wasiolala bweni moja.

Ubao ule umefanya kazi ambayo sikuitarajia. Wapo waliojifunza hapo kusema hapana kwa rafiki anayetaka kukopa. Wapo waliogundua kwamba wanaweza kusimama mbele ya mtu mzima na kumdai alichoahidi kulipa, kwa heshima na bila kutetemeka. Kijana mmoja wa kiume, ambaye mwanzoni aliona aibu kuonekana kwenye darasa la ushonaji, alibadilika siku alipoandika ukutani kwamba kikundi chake kimeingiza fedha nyingi kuliko karakana ya useremala.

Kwa upande wa wasichana ambao tayari ni mama, wao ndio walionifundisha mimi. Kabla ya Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida, vyuo vya wananchi vilikuwa miongoni mwa milango michache iliyobaki wazi kwao, na baadaye mpango wa Elimu Haina Mwisho ukawaleta wengi zaidi, watoto wao wakilelewa chuoni hapo hapo wakati mama wakisoma. Nilidhani wangekuwa wazito kuliko wenzao. Nilichokiona ni kinyume chake: mtu anayejua kwamba saa nne na nusu lazima akanyonyeshe hapotezi dakika ishirini akitafuta mkasi. Walikuwa wameshaingia utu uzima kwa mlango mgumu, na walichokihitaji kwetu kilikuwa ujuzi na mtu wa kuwaamini.

Hapa nchini jina la Maria Montessori linajulikana kwa shule za chekechea, na wazazi wachache wanafahamu kwamba aliwawazia pia vijana wa miaka 12 hadi 18. Kwao alipendekeza maisha ya shambani, pamoja na duka na nyumba ya wageni ambavyo wangeviendesha wenyewe. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza niliwaza kuhusu mama zetu wa sokoni, ambao watoto wao wa miaka 13 huachiwa meza ya nyanya asubuhi nzima na kurudisha hesabu iliyonyooka. Tofauti ni kwamba kwetu tunauita umaskini, na hatumwambii mtoto yule kwamba amejifunza chochote.

Sasa sekondari zetu zimeletewa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma mapema mwaka 2025. Ninaifurahia hatua hiyo kwa moyo wote, na wakati huohuo nina hofu. Najua ni rahisi kiasi gani kununua vyerehani, kupanga vipindi, kuandika mtihani wenye swali la "taja aina tano za mishono", na kumaliza mwaka bila kijana kushona nguo hata moja yenye mwenyewe. Najua pia ni rahisi kiasi gani karakana kugeuka kiwanda cha kushona sare za bure. Wanaosimamia mpango huo ningewaomba jambo moja dogo: kabla ya cherehani ya kwanza kufika, waulize nani atashika funguo za sanduku.

Turudi mezani. Aliyevunja ukimya alipendekeza kwamba mkataji alipe kitambaa chote. Mwingine akauliza ni nani aliyekuwa na zamu ya kukagua chaki kabla ya mkasi kupita, maana kanuni yetu ni kwamba anayechora hakati mpaka mwenzake apime. Ikabainika kwamba mkaguzi alikuwa amekwenda kuchota maji na hakuna aliyemsubiri. Mjadala ulichukua muda wa saa nzima. Waliona kuwa kuunga kipande chini kungeiharibu sketi, na kwamba kumwomba mwenye oda asogeze siku kungewaacha watoto bila sare. Kisha binti mmoja akafungua daftari la oda na kukuta kwamba sketi 15 za darasa la kwanza na la pili hazijakatwa bado. Vipande 15 vikapunguzwa kuwa hizo. Tisa vilivyobaki wakaamua kuvishona kwa saizi ndogo na kuviuza mnadani, kwa kuwa sare za shule za msingi za serikali zinafanana. Mita 14 za nyongeza zilinunuliwa kwa fedha za sanduku, na Ijumaa hasara ikaandikwa ukutani kwa tarakimu zilizo wazi.

Mimi nilisisitiza jambo moja tu, kwamba binti yule aendelee na ukataji. Wenzake hawakupenda, na yeye mwenyewe alilia akaomba apewe kazi ya vifungo. Nilimkatalia. Alikata sketi zote zilizobaki, akipima, akiita mkaguzi, akipima tena, na juu ya meza alibandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene: urefu, ongeza inchi tatu.

Tuliikabidhi oda tarehe 3 jioni. Siku ya kufungua shule nilipita barabara ya shule ile mapema nikimpeleka mjukuu wangu, nikamkuta binti yule amekaa kwenye jiwe karibu na geti, ametandika kanga chini ya miguu, mapema kuliko hata walimu. Hakuniona. Watoto walikuwa wakiingia makundi makundi, mashati meupe, sketi za bluu zikipepea kwa ule upepo wetu wa Singida, na kila lilipopita kundi aliinama kidogo mbele, akitazama mapindo.